Bambo Lifike Chini

Gando, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Hamadi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si shangazi Raya, si mama, si mwalimu wangu wa Kurani chuoni. Alasiri aliyokufa Bibi aliniuliza, "Hamadi kaja?" Nami nikamjibu, "Kaja."

Wewe ulikuwa huko Ulaya kazini, hujui lolote. Nilidhani akisikia hivyo atatulia. Hakutulia. Aliniambia nimwinue, nimtie mto mgongoni, nimfunike mabegani kanga yake mpya, kisha akaugeuza uso kwenye pazia la mlango. "Mwambie aingie basi." Nikasema, "Yuko nje, anatawadha." Akangoja. Baada ya muda akasema, "Mtoto huyu udhu wake mrefu tangu mdogo," akacheka kidogo, na kule kucheka kukamkata pumzi. Nilikuwa na msahafu mapajani. Nilitakiwa nimsomee Yasini na nimtamkishe shahada, kama alivyonifundisha mwenyewe nifanye siku yake itakapofika. Kila nilipofungua mdomo alininyamazisha kwa kiganja, apate kusikia hatua zako. Akafa anatazama pazia.

Shangazi Raya alipofika kutoka Fundo, kitu cha kwanza aliniuliza, "Katamka?" Nikasema, "Katamka." Ndivyo wanavyojua watu wote, na ndivyo unavyojua wewe.

Nimeanza na hilo ili usije ukadhani kwamba haya yanayofuata nayasema nikiwa nimesimama mahali pa juu kuliko wewe.

Naandika kama mama yako. Tangu nilipopewa jina la Bibi, mama yako mzazi, umekuwa ukiniita mama, na mimi tangu naanza kusema nilifundishwa kukwita mwanangu, kwa utani, kwenye simu, watu wakicheka. Mzee Faki jirani alikuwa akipita akiniona anauliza, "Mize mdogo, mwanao hajambo?" Nami najibu, "Hajambo, lakini viatu vyangu kavisahau." Utani ule ndio uliofanya nikujue, maana ulipovuka kwenda Shimoni, Kenya, na kutoka huko Ulaya, baada ya zile fujo za uchaguzi mimi sikuwa na umri wa kukumbuka uso. Mama naye akaolewa Wawi, nikabaki na Bibi. Baba niliyekuwa naye alikuwa sauti ya Ijumaa baada ya sala, inayoniita mama.

Mara mbili ulizokuja likizo, Bibi alikusindikiza kwa namna moja. Anakukalisha kizingitini, anakupitisha chini ya msahafu, kisha anakwambia maneno. Nilikuwa nikijificha nyuma ya mlango nasikiliza. Hakukwambia hata siku moja uvae koti au ule vizuri. Kesho hakuna wa kukukalisha kizingitini. Shangazi atakupitisha chini ya msahafu, na mambo ya koti na dawa ya presha ameshayasema na atayarudia. Maneno yale mengine hayana mwenyewe ila mimi mwenye jina. Nami unanijua. Hata darasani, mwalimu akiuliza na jibu ninalo, linakaa kooni mpaka lisemwe na mwingine. Kwa hiyo naandika.

Nataka kukwambia kuhusu zile Ijumaa.

Ulikuwa ukipiga, simu napewa mimi kwa kuwa Bibi hasikii vizuri. "Habari za huko?" "Nzuri." "Mama hajambo?" "Hajambo." Sote tumelelewa hivyo. Mtu akija kukwambia nyumba imeungua utamuuliza habari, atajibu nzuri, halafu ndipo atasema imeungua. Nzuri ni mlango tu, habari yenyewe iko ndani. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nafika mlangoni narudi.

Miguu ya Bibi ilianza kuvimba msimu wa karafuu ulipoanza. Kisha pumzi. Tulikwenda hospitali, daktari akasema apelekwe Unguja, akakataa. "Nende Unguja nkafe ugenini?" Tulipotoka pale alinishika mkono akasema, "Na huyo mwanao usimtie roho juu. Yuko kwenye kazi ya watu." Nikamtii. Lakini si utii peke yake. Kusema nzuri kulikuwa kwepesi, na baada ya kusema nilijisikia kama kweli mambo ni mazuri mpaka Ijumaa nyingine. Shangazi Raya alinisikia siku moja akanitazama kwa jicho kali. "Weye utasema hajambo hata akishafunikwa sanda." Nilikasirika naye siku nzima.

Ijumaa moja uliuliza mara mbili. "Hajambo kweli, mama?" Nilinyamaza, na nadhani ulisikia kwamba nimenyamaza. Kisha nikasema, "Miguu tu kidogo." Ulisema ulitaka kuomba ruhusa uje, lakini kama ni miguu tu utasubiri kazi yako ya tangi la tope huko iishe. Sikusema neno. Na Bibi alikuwa pale kitandani, mdomo wazi kama samaki, anatafuta hewa.

Ulipofika msibani ukauliza, aliumwa tangu lini, nilikueleza yote kwa mpigo mbele ya watu, miguu, pumzi, daktari, Unguja. Nilidhani sasa nasema kweli na ni jambo jema. Nikauona uso wako. Nilikuwa nimekunyima maji kwa tone miezi yote ile, halafu nikakumwagia ndoo nzima kichwani. Sikujua kabla ya hapo kwamba ukweli uliocheleweshwa huwa mzito kuliko ulivyokuwa siku yake.

Sasa nije kwenye tope lako.

Siku ya khitma wazee walikuwa barazani, mimi napitisha vikombe. Mzee Faki akasema, "Hamadi, wanatwambia weye unalinda bomu."

"Silindi bomu, Mzee Faki. Napima tope."

"Tope?" Akawatazama wenzake. "Skuli yote ile, Uingereza yote ile, ukenda ukaishia topeni. Tope Gando tele, si ungebaki hapa tukakulipa muhogo."

Walicheka, nawe ukacheka, mara ya kwanza tangu ufike. Kisha akauliza, mzaha umemtoka, "Na lauwa?" Ukasema, "Likikaa vibaya, lauwa." Hapo Mzee Faki akaweka kikombe chini.

Jioni ile ile ndipo mimi nilipokumbuka karafuu. Zilichumwa asubuhi aliyokufa Bibi, zikamiminwa ghalani mbichi, na kwa msiba hakuna aliyekumbuka kuzitandaza. Nilitia mkono ndani ya rundo nikautoa haraka, maana lilikuwa na joto kama tumbo la mtu mwenye homa. Nikakwita. Ukachutama ukatia mkono nawe, ukauacha humo muda mrefu. Ukasema, "Basi hii ndiyo kazi yangu, mama."

Nimeyaandika maneno yako kama nilivyoyaelewa, unisahihishe. Ulisema katika tangi lile kuna tope la miaka mingi, mabaki ya kazi za watu waliokwisha kustaafu au kufa, na ndani ya tope mna chembe za madini mazito ya nyuklia. Chembe ikipasuka hutoa cheche zisizoonekana, na cheche ikiipata chembe nyingine nayo hupasuka. Zikiwa zimetawanyika kama karafuu juu ya jamvi, cheche nyingi hutoka nje na kupotea, na hakuna kinachotokea. Zikikusanyika pamoja kama rundo hili, na maji yakiwa kati yake, maji hupunguza mwendo wa cheche zikashika kwa wepesi zaidi, basi chembe hupashana, moja kwa nyingine, bila moto na bila mtu kugusa kitu. Nikauliza kama hulipuka. Ukasema si kama bomu. Ni mwanga wa buluu, kupepesa jicho tu, na tope huchemka. Waliosimama karibu hutoka kwa miguu yao wenyewe, pengine wakaenda kunywa chai. Huja kufa baadaye, kitandani, na madaktari wanajua siku ile ile kwamba hawana la kufanya.

Kazi yako ni kuandika kama tangi liko mbali na hali hiyo au karibu. Ndipo itakapowashwa pampu mpya ya kulikoroga na kulihamisha. Yule mwenzako anayesimama juu ya tangi kushika bomba, ambaye ulinionyesha picha ya mapacha wake kwenye simu, ndiye atakayekuwa pale siku hiyo.

Nikauliza mnajuaje mna chembe ngapi. Ukasema mnachota sampuli. Nikasema, "Kama bambo." Ukacheka kwa pua, ukanisimulia kisa cha Bibi ambacho sikukijua, wewe mtoto mdogo umekaa juu ya gunia, karani wa karafuu anachoma bambo lake, kile chuma chenye mfereji, analisukuma mpaka tumboni mwa gunia, analichomoa, anatazama kiganjani. Juu kavu, nyeusi vizuri. Chini mbichi. Karani akasema, "Bi Mize, hizi za juu zimeshahiji, lakini za chini hazijasilimu." Na Bibi, watu wote wanamtazama, akajibu, "Basi ziache pamoja mwanangu, wa juu wawasomeshe wa chini." Ulisema watu walicheka mpaka karani mwenyewe akakaa chini, lakini wewe ulitaka ardhi ikumeze. Na njiani kurudi Bibi hakusema kitu ila hili: "Nlidhani bambo lake fupi."

Nikakuuliza, "Na lenu refu?"

Ulianza kuzitandaza karafuu kwa kiganja, ingawa zilikuwa zimeshaharibika na ulijua. Ukasema bomba la zamani mnalochotea sampuli linafika nusu ya juu tu. Tope la chini limegandamana miaka, na vitu vizito huzama, hilo kila mtu analijua.

"Na chini mna nini?"

"Hatujui, mama. Tunakadiria."

"Kwa kutazama nini?"

"Kwa kutazama ya juu."

Siku mbili baadaye simu ya kazini ilikukuta nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa naosha masufuria kisimani, na ulidhani Kiingereza chetu cha skuli hakifiki mbali. Ulisema sampuli zote ziko sawa, tena mbali sana na hatari. Ukasikiliza. Ukasema ndiyo, unaweza kuandika hivyo. Ukasikiliza tena, ukasema ndiyo, utatia saini ukirudi. Hukusema uongo hata mmoja. Sampuli ziko sawa kweli. Lakini sauti ile niliijua, ilikuwa yangu, ya Ijumaa. Ulipogeuka ukaniona, ukasema, "Wa kazini." Nikauliza wanasemaje. Ukasema, "Nzuri tu."

Nilikaa na neno lile mpaka usiku, kisha nikakufuata barazani nikakuuliza itakuwaje ukiwaambia wangoje bomba refu. Ulinijibu kama mtu mzima mwenzako, nakushukuru kwa hilo. Ulisema kazi itasimama mpaka baridi ipite, na mkataba wako unakwisha kabla ya hapo, na mtu aliyesimamisha kazi ya watu hapewi mwingine. Bila mkataba, kibali chako cha kukaa kinayumba. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, "Na makaratasi yako ndiyo yatakwama, mama."

Makaratasi yangu. Kuniombea nije nikae nawe, nimalizie skuli huko. Unajua nilivyokuwa nikilingoja jambo hilo. Nimesoma vitabu vyote vya maktaba ya skuli yetu, vingine havina jalada, vingine havina mwisho, na nimekuwa nikilala nikiwaza chumba chenye vitabu ambavyo hakuna aliyevichana. Juzi uliponipeleka Wete kupigwa picha za pasipoti sikulala. Nilikaa mbele ya kamera bila kutabasamu, kama alivyotaka mpiga picha, na moyoni nacheka.

Kwa hiyo nami nimo ndani ya saini hiyo, nilijua hivyo tangu barazani, na nikanyamaza tena. Siku nne nimenyamaza. Nilijiambia mimi ni mtoto wa skuli, hesabu za tangi ni za wakubwa, huenda chini mna tope tu, kama la juu. Na huenda kweli. Sura ya kitabu chetu cha fizikia inayohusu mambo haya ni kurasa tatu, na moja imekatwa. Siwezi kukwambia tangi liko karibu au mbali.

Sikwambii usitie saini. Bibi hakukwambia fanya hivi au usifanye hivi, ulipokuwa umekaa pale kizingitini. Alikuwa akikwambia lililompata yeye, basi, anakuachia. Lililonipata mimi ni hili. Nilijibu kwa kutazama ya juu. Nilisema hajambo kwa kuwa sauti yake ilikuwa bado hajambo. Nilisema miguu tu kwa kuwa miguu ndiyo iliyoonekana. Kila neno langu lilikuwa kweli kwa nusu ya juu. Na mwisho, nilipoona nimechelewa, nikasema kaja, nikidhani nampa raha, kumbe nimempa kazi ya kungoja. Dakika zake za mwisho, ambazo angekuwa na Mola wake, nilizigeuza kuwa dakika za kutazama pazia. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna atakayeniuliza. Nikiwa kimya hivi nitaishi na kuolewa na kuzeeka, watu wakisema Mize ndiye aliyemtamkisha bibi yake shahada. Lakini kila nikipita pale chumbani pazia lile lazungumza nami, na nimeona nikulinde usije ukapata pazia lako. Lako litakuwa na mapacha nyuma yake.

Usidhani nasema kwa ushujaa. Naogopa. Mkataba ukikatika sijui tutakula nini mimi na shangazi msimu mbaya wa karafuu, na sijui utarudi vipi mahali ulipopakimbia. Naogopa pia kwamba nitakuja kukulaumu siku moja, nikiwa nimekaa hapa Gando na kitabu kisicho na mwisho. Nikikulaumu, nionyeshe barua hii.

Na ukiamua kwamba ya juu yatosha, kwa elimu yako ambayo mimi sina, nitaendelea kukwita mwanangu. Mama yako mzazi alikuwa akitia mbichi chini ya gunia, na bado tulimlilia. Ila Ijumaa ukipiga simu, nikikuuliza habari, usiishie mlangoni. Nami sitaishia. Nikiwa mgonjwa nitakwambia mgonjwa. Nikiwa na hasira nawe utaisikia.

Alfajiri sasa inakaribia, na wino wa kalamu hii unafifia. Haya ndiyo niliyoyafanya baada ya kuandika hapo juu.

Nimeingia chumbani kwako polepole, ulikuwa umelala ubavu, mkono chini ya shavu. Nimefungua mkoba wako wa karatasi. Nimetoa ile bahasha yenye picha zangu za pasipoti, picha nimezitia katika kasha la Bibi, chini ya kanga zake, na ufunguo nimeuvaa shingoni, makaratasi yangu yasije yakaushika mkono wako siku ya saini. Barua hii nitaitia ndani ya bahasha ile ile, mahali pa picha, niirudishe mkobani juu ya karatasi zako, ili uikute kabla hujatia saini. Kisha nimekwenda chumbani kwa Bibi nikalivua pazia, nikalifua kwa maji ya kisima, nikalianika. Sasa nakwenda kumwamsha shangazi Raya, nimwambie kwamba Bibi hakutamka, na kwa nini. Baada ya hapo nitawasha moto nikutilie maji ya kuoga.

Mama yako,
Mize